UZI: Kuchapa majani kwenye marekani, kisha kuunganisha na lubugo, mkonge na ukili (vipimo na yanayoharibu kazi)

#1 Jani_la_Mtiki

Wakuu, uzi huu ni wa wanaotengeneza picha za kutundika kwa kitambaa kilichochapwa majani halisi, kisha wakashonea juu yake lubugo (kitambaa cha gome la mti), mkonge, ukili na vinginevyo vya porini. Naanza na kitambaa, kwa sababu kazi nyingi zinazochuja huwa zimeshaharibika kabla jani halijaguswa. Watu wanahangaika kubadilisha majani wakati tatizo liko kwenye ufuaji.

Chukua marekani isiyopaushwa, pamba tupu. Muuzaji atakuapia ni pamba, wewe chomoa nyuzi chache uziwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua haraka, inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu jepesi linalopukutika. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Ukikiona kishanga hicho, hata kidogo, achana na kitambaa hicho. Rangi itakaa juujuu na kutoka kwenye ufuaji wa kwanza.

Pima uzito kikiwa kikavu kabisa. Vipimo vyangu vyote hapa ni kwa gramu 500 za kitambaa kikavu. Chako kikiwa gramu 250, gawa kwa mbili.

Kufua: maji lita 15 hadi 20, magadi soda gramu 10, na sabuni kidogo isiyo na manukato wala kilainishi. Yaache yachemke polepole saa 1 hadi 2. Maji yatageuka rangi ya chai, huo ni mchanganyiko wa wanga wa kiwandani na mafuta ya pamba yenyewe. Suuza, kisha dondoshea tone la maji kwenye kitambaa kikishakauka. Tone likinyonywa papo hapo, umemaliza. Likikaa juu kama limewekwa kwenye nailoni, rudia. Angalizo: magadi soda si ile baking soda ya maandazi, ile ni dhaifu kwa kazi hii.

Tanini (ukakasi wa magome, maganda na majani): pamba haishiki shabu, ile alamu inayoshikisha rangi, vizuri peke yake, inahitaji tanini katikati. Maganda makavu ya komamanga gramu 250, au majani ya mkungu yaliyoanguka yakiwa mekundu, gramu 500. Chemsha saa 1, chuja, yaache maji yapoe hadi uweze kuingiza mkono, tia kitambaa kilale humo saa 2 au usiku kucha. Kamua, usisuuze kwa nguvu.

Shabu: gramu 75 kwenye maji ya moto hadi iyeyuke yote. Magadi soda gramu 10 yayeyushe pembeni, kisha yamimine kidogo kidogo kwenye shabu. Itatoa povu, kwa hiyo tumia ndoo yenye nafasi. Magadi hapo yanapunguza ukali wa shabu ili madini yake yahamie kwenye uzi badala ya kubaki majini. Kitambaa kikae saa 2 au zaidi, ukikigeuza mara kwa mara. Kikijikunja na kukaa kimya kwenye ndoo, utapata mabaka ambayo hayatoki tena.

Naendelea na majani nikimaliza kujibu maswali ya hapa.

#2 Pwani_Batiki

Shukrani mkuu. Nasikia zinatakiwa sufuria kubwa za stenlesi, nazo ni ghali mno. Za alumini hazifai kabisa?

#3 Jani_la_Mtiki

Kwa kufua na magadi hazifai. Magadi yanakula alumini, sufuria inageuka nyeusi na kitambaa kinapata uchafu wa kijivu. Tanini na shabu unaweza kuloweka kwenye ndoo ya plastiki, maana maji ya moto wa kuvumilika na mkono yanatosha. Kwa kuvukiza, yaani hatua ya kuchapa majani nitakayoieleza, sufuria ya alumini haina neno kwa kuwa kitambaa hakigusi maji. Kwa hiyo unahitaji chombo kimoja tu cha stenlesi au cha enameli isiyomeguka, kwa kufulia. Kikishaingia kwenye kazi hii kisirudi jikoni.

Pipa la mafuta lililokatwa nalo linavukiza vizuri, ila mfuniko una kutu, na mvuke ukigeuka matone unadondosha chuma juu ya kazi. Funika kwanza kwa gunia au taulo nzito, mfuniko uje juu yake.

#4 Jani_la_Mtiki

Majani sasa. Jani zuri kwa kazi hii ni lenye tanini au rangi yake ya asili. Uzuri wa umbo peke yake hautoshi. Mkaratusi unachapa, hasa majani machanga na yale ya mviringo yenye unga wa kijivu. Mgrevilea unatoa alama kali kwa sababu jani lake limekatika kama unyoya na kila ncha inaonekana. Majani ya waridi yanachapa vizuri kuliko ua lake. Mbono unatoa jani kubwa la nyota linalobeba picha nzima.

Lakini kwa Tanzania, jani ambalo watu wanalipita tu ni la mtiki. Chukua jani changa la kileleni, lisugue kati ya vidole viwili. Vidole vinabaki na wekundu wa damu ya mzee. Wekundu huohuo unahamia kwenye marekani iliyotiwa shabu na kuwa zambarau au rangi ya mvinyo. Jani la mtiki lililokomaa, lile kubwa gumu, halitoi hivyo. Wenzetu wa Indonesia wanalitumia sana kwa kuchapa. Sisi tuna mashamba ya mitiki Longuza kule Muheza, Mtibwa na bonde la Kilombero, na machipukizi yanayopogolewa yanaachwa chini yaoze.

Namna ya kupanga: kitambaa kiwe na unyevu, kisidondoshe maji. Laza majani upande wa mishipa uguse kitambaa. Kwa majani mengi upande huo ndio unaotoa alama iliyo wazi. Vunja shina nene la jani kwa kuliponda kwa chupa, la sivyo litanyanyua kitambaa na kuacha pengo jeupe pembeni yake. Funika kwa kitambaa cha pili, au kwa karatasi ya nailoni kama hutaki kivuli cha jani kijitokeze kwenye mzunguko unaofuata.

Viringisha kwenye fimbo ya mwanzi au bomba la chuma lisilo na kutu. Bomba la plastiki la maji linalegea kwenye mvuke na kazi inalegea nalo. Kisha funga. Hapa ndipo nguvu inatakiwa: jani lisilobanwa halichapi. Uzi wa katani unafaa, ila vipande vya tyubu ya baiskeli ni bora zaidi kwa sababu vinaendelea kubana hata kitambaa kikisinyaa.

Vukiza dakika 90, ukihesabu kuanzia mvuke unapotoka kwa nguvu, siyo pale ulipowasha moto. Angalia maji katikati ya kazi. Ukimaliza acha ipoe ikiwa imefungwa, usiku mzima ikiwezekana. Fungua, toa majani, anika kivulini, na usifue kabla ya siku 5 hadi 7 kupita.

#5 Kemia_ya_Rangi

@Jani_la_Mtiki umeeleza vizuri, naongeza la chuma kwa sababu ndilo linalowaponza wengi.

Maji ya chuma ni misumari yenye kutu ndani ya siki kipimo 1 na maji vipimo 2, wiki moja hadi mbili, mpaka yawe rangi ya machungwa. Ukipata ferosi salfeti ya dukani ni afadhali, kwa kuwa unaijua nguvu yake: gramu 1 kwa lita 1 inatosha kuchovya majani. Chovya jani, likung'ute, lifute kidogo, ndipo ulilaze.

Tanini ikikutana na chuma inageuka kijivu hadi nyeusi. Jani lenye tanini likichovywa kwenye chuma linatoa alama nyeusi kwenye kitambaa cheupe. Safi. Lakini ukishaloweka KITAMBAA kizima kwenye tanini kama ilivyoelezwa #1, kila tone la chuma linalodondoka linaacha doa la kijivu, na kuzunguka jani kunakuwa na ukungu. Kwa hiyo amua mapema. Ukitaka uwanda mweupe na mistari mikali, punguza tanini ya kitambaa iwe nusu au iache kabisa. Ukitaka uwanda mweusi na majani yaliyo meupe kuliko mazingira yake, fanya kinyume: kitambaa chenye tanini, majani makavu bila chuma, halafu juu yake laza kitambaa cha zamani kilichochovywa kwenye maji ya chuma na kukamuliwa sana. Chuma kinapenya pote isipokuwa pale jani lilipokinga.

Na usizidishe. Chuma kingi hakileti weusi zaidi, kinakausha nyuzi za pamba. Kitambaa kinaonekana kizima, baada ya muda kinapasuka kwenye mikunjo. Kwa picha ambayo itashonwa kwa sindano hilo ni pigo.

Pia angalieni maji yenu. Maji ya kisima yanayoacha kutu kwenye ndoo yana chuma tayari, na ndiyo sababu njano ya vitunguu inatoka rangi ya zeituni bila mtu kuelewa. Tumia ya mvua kwa shabu na kuchapa.

#6 Rosela_Dodoma

Na sisi tunaotaka zambarau ya rosela na ua la hibiskasi? Inatoka nzuri sana siku ya kwanza.

#7 Kemia_ya_Rangi

Siku ya kwanza ndiyo, dada. Rangi ya rosela inabadilika kwa sabuni: yenye magadi inaigeuza buluu hafifu au kijani cha maji, na jua linaimaliza. Manjano ya jikoni vilevile, inang'aa halafu inakimbia mbele ya dirisha. Mzingefuri nao hauvumilii jua. Kiazi sukari (bitiruti) usikiguse kabisa, kile ni doa tu.

Njano inayodumu zaidi ichukue kwenye maganda makavu ya vitunguu au marigoldi. Kahawia ichukue kwenye majani ya hina, mkungu au gome la miwati. Njombe miwati imelimwa kwa ajili ya tanini tangu miaka ya 1940 mwishoni, si kitu cha kutafuta mbali.

Usimwamini mtu, hata mimi. Kata ukanda wa sentimita 5 kwa 15 wa kila rangi unayotaka kuuza, funika nusu kwa kadibodi nzito, bandika dirishani panapopigwa na jua wiki 4. Ukiondoa kadibodi na kuona mstari, rangi hiyo isiende ukutani kwa mteja.

#8 Nyuzi_Nairobi

Mbona hakuna aliyetaja maziwa ya soya? Huku wengi wanatumia badala ya shabu.

#9 Kemia_ya_Rangi

Soya haichukui nafasi ya shabu. Ni protini inayokauka juu ya uzi na kushikilia rangi kama gundi nyembamba. Shabu inaungana na rangi yenyewe. Soya inafaa kama unapaka udongo mwekundu au mkaa uliosagwa kwa brashi, kwa sababu hizo ni chembe, hazinywewi na uzi. Kwa hiyo ukitaka kuchanganya uchapaji wa majani na udongo, chapa majani kwanza kwa shabu, fua, kausha, ndipo upake soya mahali pa udongo tu. Ifanye nyepesi na ipakwe mara tatu, ikikauka kila mara. Soya nzito inakakamaa na kupasuka. Ikilala kwenye ndoo siku nzima kwa joto la Dar imeshachacha, tengeneza mpya.

#10 Mbugu_Bukoba

Naingia kwenye lubugo. Kwa wasioifahamu: ni gome la ndani la mti wa mutuba, linabanduliwa majira ya mvua, linapondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia mifereji mipana hadi myembamba, mpaka linapanuka na kuwa kitambaa. Kazi hiyo hufanyika chini ya banda ili gome lisikauke mapema, kisha kitambaa kinaanikwa juani na ndipo kinapata ule wekundu wa udongo. Mti unafungwa majani ya mgomba ili gome liote upya, na mwaka unaofuata unavunwa tena. Baganda wa Uganda ndio wanaojulikana zaidi, na UNESCO iliutangaza ufundi wao mwaka 2005 na kuuweka kwenye orodha yake mwaka 2008, lakini Kagera nako umekuwepo.

Yafuatayo ndiyo yanayowasumbua wanaoishona kwa mara ya kwanza.

Lubugo haina nyuzi za kukatizana kama marekani. Nyuzi zake zimelala zaidi upande mmoja, ule wa urefu wa shina. Ivute kwa mikono pande zote mbili: upande mmoja unakataa, mwingine unanyooka. Kipande kitakachobeba uzito kiwekwe upande unaokataa uelekee juu na chini. Ukikosea, baada ya miezi katikati patalegea na kuning'inia.

Mishono ya cherehani iliyobanana inaitoboa na mwisho inachanika kwenye mstari uleule. Weka mshono wa milimita 4 hadi 5, sindano nyembamba, au shona kwa mkono milimita 6 hadi 8. Nyuma yake lazima kuwe na marekani. Lubugo peke yake haihimili sindano ikirudi mara mbili sehemu moja.

Ikiwa imekunjamana usiifue. Inyunyizie maji kwa chupa, ivute kwa upole juu ya meza, weka kitambaa juu na pasi ya joto la wastani. Ile mishono ya viraka vya asili, pale fundi alipoziba tundu la tawi, usiifiche. Kwenye picha ya msitu ndiyo inayoonyesha kuwa hiki kilikuwa mti.

Chuma kinaishika pia. Zamani lubugo za wafalme na machifu zilitiwa rangi nyeupe au nyeusi ili kuwatofautisha na wengine. Paka maji ya chuma yaliyozimuliwa kwa brashi kwenye kona, subiri ikauke ndipo uamue, maana kila gome linajibu kivyake.

Anayetaka kuona vifaa hivi vinafika wapi atafute kazi za Acaye Kerunen, anayefanya kazi na mafundi wanawake wa ususi wa Uganda. Mwaka 2022 Uganda ilipokuwa na banda lake la kwanza Venice Biennale, maonyesho makubwa ya sanaa kule Italia, kazi zake zilisimama pamoja na za Collin Sekajugo na banda likatajwa kwa heshima na majaji. Ni ususi wa vijijini uliopewa ukubwa wa ukuta.

#11 Katani_Tanga

Mkonge: usinunue kamba iliyokwisha kusokotwa. Tafuta singa zilizobrashiwa, za urefu wa karibu mita moja. Zinashika rangi kwa hatua zilezile za tanini na shabu, kwa sababu ni za mmea kama pamba. Zifunge vichane vidogo vya unene wa kidole kabla ya kuzitia rangi. Zikiingia huru kwenye sufuria utazitupa.

Usijaribu kuzipitisha kwenye tundu la sindano na kuvuta, zinakata marekani kama msumeno. Zilaze juu ya kitambaa kwa umbo unalotaka, mzizi, mto, mshipa wa jani, kisha zishikilie kwa mishono midogo ya kukatiza, ya uzi mwembamba wa pamba, kila sentimita 1. Kwenye kona punguza iwe nusu sentimita.

Ukili wa mkindu au mkoche uloweke dakika 20 hadi 30 kabla ya kuupinda. Mkavu unapasuka kwenye mkunjo na ufa hauonekani mpaka kazi imeshatundikwa. Lakini ukishonwa ukiwa umelowa sana utasinyaa na kuacha mshono umelegea. Ufute, uache unyevu tu.

#12 Pwani_Batiki

Na gundi? Naona wengi wanabandika majani makavu yenyewe juu ya kitambaa.

#13 Mbugu_Bukoba

Jani kavu likibandikwa lilivyo linafifia, linavunjika kingo na kualika wadudu. Bora mifupa yake, yaani mtandao wa mishipa. Chukua majani mazito, kama ya mti wa mpira wa mapambo, yachemshe polepole kwenye maji ya magadi soda, gramu 60 hivi kwa lita 1, saa 1 hadi 2, ukivaa glovu. Nyama ikilegea, liweke jani kwenye sahani yenye maji na uipapase kwa mswaki laini kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukisugua kuvuka mishipa unaichana. Suuza, bana kati ya magazeti likauke.

Gundi ya unga wa ngano inashika vizuri ila pwani inaota ukungu na mende wanaila. Tumia gundi nyeupe ya mbao vipimo 2 kwa maji kipimo 1, tabaka jembamba, kisha ongeza mishono michache kwenye mshipa mkuu. Gundi peke yake usiiachie kazi yote.

#14 Jani_la_Mtiki

Naongeza la mpangilio wa picha. Kitambaa kilichochapwa kina mambo mengi tayari, kwa hiyo mshono usifuate ukingo wa kila jani. Chagua jani moja au mawili, fuata mishipa yake kwa uzi wa rangi inayokaribiana, na mengine yaache yafifie nyuma. Lubugo iwekwe pale uchapaji ulipotoka dhaifu. Kila mviringisho una sehemu ya namna hiyo, hasa mzunguko wa nje kabisa ambako fundo linabana kidogo.

#15 Nyuzi_Nairobi

Kuna watu wanauza mrututu (kopa salfeti) kama dawa ya kupata kijani. Vipi?

#16 Kemia_ya_Rangi

Mrututu unatoa kijani kweli, na ni sumu kwa samaki na kwa udongo ukimwagwa. Mtu asiye na namna salama ya kutupa maji yake aache. Njano ya vitunguu ikipakwa chuma kidogo sana inatoa kijani cha zeituni kinachotosha. Magome ya mikoko nayo yaacheni hata kama yana tanini nyingi: misitu ile ni hifadhi, na mkungu upo kila mtaa wa pwani.

Majani ya olianda, na chochote chenye utomvu mweupe mkali kama mnyaa, visiingie kwenye mvuke. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni hospitali.

#17 Rosela_Dodoma

Swali la mwisho kwangu: kazi ya mita 1 kwa 1.5 naitundikaje bila kupinda?

#18 Katani_Tanga

Shona mfuko wa fimbo nyuma, upana wa sentimita 8, kutoka ukingo hadi ukingo ukiacha sentimita 2 kila upande. Uushone kwenye marekani ya nyuma, sindano isitokeze mbele. Ingiza ubao bapa wa sentimita 5, uliopigwa msasa na kupakwa vanishi, maana mbao mbichi inatoa utomvu unaotia doa. Ubao bapa ni bora kuliko fimbo ya duara kwa sababu kitambaa hakizunguki.

Chini weka ubao wa pili mwembamba, sentimita 2, ili uzito uvute sawasawa. Lubugo ikiwa nyingi upande mmoja, ning'iniza kazi siku 3 kabla ya kushona pindo la chini, ndipo ukate pindo hilo kwa kufuata kilipotulia. Na kwa nyumba za pwani bandika vipande vya kizibo nyuma ya ubao wa juu na wa chini, hewa ipite kati ya kazi na ukuta. Ukuta wa chokaa una unyevu, na lubugo inaunyonya.